Kompyuta ya Chama Inapobadilika Tabia: Sera na Mipangilio ya Windows, na Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Kwa miaka mingi vyombo vikuu vya chama cha msingi vilikuwa vinne: mizani, ghala, sanduku la fedha na vitabu. Kila kimoja kilikuwa na mlinzi wake, na kila mwanachama alikifahamu. Siku hizi kimeongezeka chombo cha tano, nacho ni kompyuta. Katika vyama kadhaa vya Mkoa wa Singida, orodha ya wanachama, mapokezi ya alizeti, dengu na choroko, madeni ya pembejeo na karatasi za malipo vimo ndani ya kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, nayo imeweka Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kama MUVU, ambao kwao taarifa za vyama hupokelewa kwa njia ya mtandao.

Chombo hiki kina jambo moja kinalotofautiana na vile vya zamani. Mizani ikiharibika, wote waliosimama foleni huiona. Kompyuta yaweza kubadilika tabia usiku mmoja bila kuvunjika chochote. Inawaka, inafungua vitabu, lakini tarehe zimegeuka, printa haichapi, au mlango uliokuwa wazi jana leo umefungwa na maandishi yanasema kwamba msimamizi amekataza. Mkulima asiyeziona kilo zake katika karatasi ya malipo hataulizia habari za Windows. Atauliza ni nani aliyekula jasho lake. Kwa sababu hiyo hapana budi kila katibu aelewe mabadiliko haya hutoka wapi, na wanachama nao waelewe kiasi cha kutosha ili wasimhukumu mtu kabla chanzo hakijajulikana.

MIPANGILIO NA SERA

Windows huendeshwa kwa maagizo ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mipangilio. Hii ni kama desturi za ofisi ambazo katibu mwenyewe anaweza kuziweka na kuzibadili: lugha ya kibodi, mpangilio wa tarehe, printa ya kawaida, ukubwa wa maandishi. Aina ya pili ni sera. Sera ni amri iliyowekwa na mwenye mamlaka juu ya kompyuta, nayo hushinda mipangilio. Pale ambapo sera imesema, mtumiaji huona kitufe kimefifia, hakibonyezeki, na juu yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba jambo hilo linasimamiwa na taasisi.

Mwanaushirika hapaswi kupata taabu kuelewa utaratibu huu. Maamuzi ya bodi hayawezi kupingana na masharti ya chama, na masharti ya chama hayawezi kupingana na Sheria. Katika Windows, kompyuta iliyosimama peke yake ina sera zake za ndani tu. Kompyuta iliyounganishwa na mtandao unaosimamiwa na ofisi kuu husoma kwanza sera zake za ndani, kisha zile za ofisi kuu. Zikigongana, ile iliyosomwa mwisho ndiyo hushinda, yaani ya ofisi kuu. Sera hizo husomwa kompyuta inapowaka na mtumiaji anapoingia, na kwa kawaida husomwa tena kila baada ya dakika 90, na nyongeza isiyozidi dakika 30. Ndiyo maana jambo laweza kufanya kazi asubuhi na kukataa kabla ya saa sita mchana bila mtu yeyote ofisini kugusa kitu.

Maagizo yote mawili huandikwa katika daftari kuu la ndani la Windows liitwalo rejista. Sehemu moja ya rejista inahusu kompyuta nzima, na nyingine inamhusu mtumiaji mmoja mmoja. Tofauti hii itumike vema, maana itasaidia sana katika utafutaji utakaoelezwa hapa chini.

MABADILIKO HUTOKA WAPI

Aghalabu hutoka katika mojawapo ya sehemu sita. Ya kwanza ni masasisho, yaani marekebisho ambayo Microsoft huyatuma kupitia mtandao. Ya pili ni programu mpya iliyofungwa, ambayo hubadili mambo mengine bila kuuliza. Ya tatu ni fundi aliyeitengeneza kompyuta au kuiwekea Windows upya. Ya nne ni mtumiaji mwingine ofisini. Ya tano ni virusi. Ya sita ni kuchakaa kwa kifaa chenyewe, hasa betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kompyuta ya mezani, ambayo hutunza saa umeme unapokatika. Betri hiyo ikiisha, kompyuta huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti nyingi zenye ulinzi hukataa kufunguka kwa sababu hati zao za usalama huonekana kana kwamba hazijaanza kutumika. Katibu hudhani mtandao umekatika, kumbe ni saa.

HATUA ZA UTAFUTAJI

Kwanza, asiguse kitu. Aandike katika karatasi maneno yote yaliyotokea kwenye kioo, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na saa. Simu yenye kamera itarahisisha kazi hii. Fundi aliyeko Singida mjini, akipigiwa simu kutoka Nduguti au Itigi, atasaidika zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa kuambiwa kwamba kompyuta imegoma.

Pili, aulize ni nini kilichobadilika kati ya siku ya mwisho ilipofanya kazi na leo. Windows yenyewe hutunza kumbukumbu hiyo. Kitufe chenye alama ya Windows kibonyezwe pamoja na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo cha amri. Ndani yake yaandikwe maneno perfmon /rel, kisha kitufe cha kuingiza kibonyezwe. Itafunguka kalenda inayoonyesha siku kwa siku programu zilizofungwa, masasisho yaliyoingia na hitilafu zilizotokea. Mara nyingi jibu huonekana hapo.

Tatu, apime mipaka ya tatizo. Je, ni kwa mtumiaji mmoja au kwa wote? Mtumiaji mwingine aingie kwa akaunti yake katika kompyuta ileile. Kwake jambo likienda sawa, kosa limo katika mipangilio ya mtumiaji wa kwanza. Wote wakikwama, kosa linahusu kompyuta nzima. Na kama chama kina kompyuta mbili zilizokwama siku moja kwa namna ileile, yafaa kutazama nje: sasisho, mtandao au sera ya ofisi kuu.

Nne, atenganishe sera na mipangilio. Katika toleo la Windows liitwalo Pro, ufunguliwe ukurasa wa amri wenye mamlaka ya msimamizi: kibonyezwe kitufe cha Windows, yaandikwe cmd, kisha vibonyezwe kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na cha kuingiza. Hapo iandikwe amri gpresult /h C:\ripoti.html. Kompyuta itatengeneza ripoti inayotaja kila sera inayotumika na mahali ilikotoka. Sera za ndani huonekana na kubadilishwa kwa amri gpedit.msc. Toleo la Home halina ukurasa huo. Kujua toleo la kompyuta, iandikwe amri winver.

Katika ukurasa wa sera, kila sera ina hali tatu: haijawekwa, imewashwa, au imezimwa. Hapa wengi hujikwaa. Sera iliyozimwa si sawa na sera isiyowekwa, kwa kuwa kuzima nako ni amri. Kadhalika sera nyingi majina yao ni ya kukataza. Kuwasha sera ya kuzuia flashi maana yake ni kuzizuia, si kuziruhusu. Jina lisomwe hadi mwisho kabla ya kubonyeza.

Tano, abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, aliandike, alijaribu. Likishindikana alirudishe lilivyokuwa kabla ya kujaribu lingine. Anayebadili mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya, wala ni lipi lililoleta ugonjwa mpya.

Sita, hali ikiwa ngumu, kompyuta yaweza kurudishwa katika hali ya siku iliyopita kwa amri rstrui. Urejeshaji huu hurudisha faili za mfumo na rejista, na huondoa programu zilizofungwa baada ya siku hiyo, bali haugusi nyaraka za mtumiaji. Lakini hufanya kazi tu ikiwa ulinzi wa mfumo ulikuwa umewashwa tangu awali, na katika kompyuta nyingi haujawashwa. Uwashwe leo, kwa amri sysdm.cpl, kabla msimu haujafika.

MFANO WA KWANZA: TAREHE ZILIZOGEUKA

Tuchukue mfano wa chama kilichopeleka kompyuta kwa fundi mwezi Mei, ikarudi ikiwa na Windows mpya. Fundi hakukosea chochote kinachoonekana, ila mpangilio wa nchi ulibaki wa Marekani. Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku.

Mwezi Juni mkulima mmoja alileta alizeti mara tatu: tarehe 5 kilo 180, tarehe 9 kilo 240, na tarehe 21 kilo 150. Jumla ni kilo 570. Karani aliandika katika Excel 5/6, 9/6 na 21/6 kama alivyozoea, pamoja na mwaka. Kompyuta ilisoma ya kwanza kuwa tarehe 6 Mei, na ya pili kuwa tarehe 6 Septemba. Ya tatu haikuisoma kabisa kuwa tarehe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 21, ikaiacha kama maneno matupu. Chama kilipojumlisha mapokezi ya Juni, mkulima huyu alipata sifuri. Na mkulima mwingine ambaye mapokezi yake ya tarehe 6 Mei yalichelewa kuandikwa, yakaandikwa 6/5, alihesabiwa kuwa ameleta tarehe 5 Juni.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona. Katika Excel, tarehe inayotambuliwa huegemea kulia mwa kisanduku chake, na maneno huegemea kushoto. Safu ya tarehe ikionekana imegawanyika, nyingine kulia na nyingine kushoto, kazi isimame papo hapo.

Kurekebisha, iandikwe amri intl.cpl na mpangilio mfupi wa tarehe ugeuzwe uanze na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Lakini jambo hili lizingatiwe sana: kurekebisha mpangilio hakurekebishi yaliyokwisha kuandikwa. Tarehe zilizoingizwa kabla ya kompyuta kwenda kwa fundi zimebaki sahihi. Ni sura yake tu iliyokuwa imegeuka. Zile zilizoingizwa wakati wa kosa zimehifadhiwa zikiwa na kosa, na zitabaki hivyo hadi zisahihishwe moja moja kwa kulinganisha na stakabadhi za mizani. Hapo ndipo thamani ya stakabadhi ya karatasi inapoonekana. Chama kilichotupa nakala za stakabadhi kwa sababu sasa kina kompyuta hakina tena cha kulinganishia.

Njia ya kujikinga ni kuandika tarehe kwa kutanguliza mwaka, mathalani 2025-06-05, maana Excel huisoma vilevile katika mpangilio wa Kimarekani na wa Kiingereza. Uangalizi kama huo uwekwe katika alama ya desimali. Katika nchi kadhaa desimali huandikwa kwa mkato badala ya nukta. Kompyuta iliyowekwa hivyo yaweza kuisoma kilo 12.5 kuwa ni tarehe.

MFANO WA PILI: PRINTA ISIYOCHAPA

Siku ya malipo katibu anabonyeza amri ya kuchapa, karatasi haitoki, na hakuna neno la kosa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 Windows ina mpangilio unaoiruhusu ichague yenyewe printa ya kawaida, nayo huchagua ile iliyotumika mwisho. Ikiwa jana mtu alihifadhi waraka kwa kutumia printa ya kubuni inayotengeneza faili badala ya karatasi, leo kazi zote huenda huko. Ufunguliwe ukurasa wa mipangilio kwa kitufe cha Windows pamoja na herufi I, patafutwe sehemu ya printa, mpangilio huo uzimwe, kisha printa ya chama iteuliwe kwa mkono.

Sababu nyingine ni sera. Mwezi Agosti 2021, baada ya kugundulika udhaifu katika huduma ya kuchapa ya Windows, Microsoft ilibadili utaratibu ili kufunga kiendeshi cha printa kuhitaji mamlaka ya msimamizi. Ofisi nyingi duniani zilizokuwa zikitumia printa moja kwa pamoja zilijikuta zikiombwa nenosiri ambalo watumiaji hawakuwa nalo. Baadhi ya mafundi walichagua njia ya mkato: waliiondoa sera hiyo. Printa zilichapa, lakini udhaifu ulifunguliwa upya. Njia iliyo salama ni msimamizi kufunga kiendeshi mara moja, na watumiaji waendelee na kazi zao.

SERA ISIONDOLEWE KABLA YA KUJULIKANA SABABU YAKE

Funzo la printa linahusu sera zote. Katibu anayekuta flashi zimekatazwa hana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyekataza, na kwa nini? Flashi inayotoka ofisi moja hadi nyingine hubeba virusi kama gunia chafu libebavyo wadudu wa ghala. Ikiwa bodi au chama kikuu ndicho kilichoweka katazo, liondolewe kwa ruhusa yao tu. Na anayefuta sera ya ofisi kuu ndani ya rejista kwa mkono wake huenda akaiona imerudi sera zinaposomwa upya. Atakuwa amevunja utaratibu bila kupata faida.

Ikiwa hakuna aliyeweka katazo, hiyo ni hatari ya namna nyingine. Kompyuta isiyo chini ya ofisi yoyote ikisema kwamba msimamizi amezima ukurasa wa kusimamia kazi za kompyuta, au amefunga rejista, huenda ikawa virusi ndivyo vilivyojifanya msimamizi. Hiyo ni mbinu yao ya zamani, kwani huziba njia ambazo kwazo wangeonekana. Kompyuta ya namna hiyo itolewe kwenye mtandao, flashi isichomekwe, na ikaguliwe kwa programu ya kinga kabla ya kazi nyingine yoyote.

FUNZO KUTOKA NJE

Hata mashirika makubwa hukumbwa na jambo hili. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza kinga ya kompyuta, ilituma kwa wateja wake faili ndogo ya maelekezo iliyokuwa na kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Ndege hazikuruka, na hospitali na benki zilikwama. Kampuni iliiondoa faili hiyo kwa muda usiozidi saa mbili, lakini kompyuta nyingi zilizokwisha anguka zililazimu mafundi kuziendea moja baada ya nyingine. Hakukuwa na adui wala mwizi. Lilikuwa badiliko la mpangilio lililopelekwa kila mahali kwa wakati mmoja. Chama chenye kompyuta mbili kifanye badiliko katika moja, kingoje siku chache, ndipo kifanye katika ya pili. Badiliko lolote lisilo la lazima lisifanywe katika juma la malipo.

Hata hivyo yasieleweke haya kuwa ni ushauri wa kuyakataa masasisho. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zinazoendelea nayo, isipokuwa zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza ya muda, hazipokei tena marekebisho ya usalama. Bodi zilizo na kompyuta hizo ziweke suala hili katika makisio ya mwaka.

DAFTARI LA MABADILIKO

Kila chama kiwe na daftari moja la karatasi, lililowekwa kando ya kompyuta, lenye safu tano: tarehe, kilichobadilishwa, kilivyokuwa kabla, sababu, na jina na sahihi ya aliyebadilisha. Fundi naye atie sahihi kabla ya kulipwa. Mkaguzi atokaye Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika akikuta tarehe za mwezi Juni zimevurugika, daftari hili litaonyesha kwamba mpangilio uligeuka siku fulani baada ya matengenezo, na ni stakabadhi zipi zilizotumika kusahihisha. Bila daftari, katibu mwaminifu na katibu mwizi hufanana mbele ya mkaguzi.

Pamoja na daftari, mambo manne yatekelezwe:

1. Akaunti ya msimamizi itengwe na akaunti ya kazi za kila siku. Nenosiri la msimamizi liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sanduku la fedha, na bodi ijue lilipo.

2. Nakala ya vitabu vya kompyuta itolewe kila Ijumaa na itunzwe nje ya jengo la ofisi. Kabla ya kompyuta kwenda kwa fundi, nakala itolewe tena, na orodha ya wanachama iondolewe kila inapowezekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakitaka chama kuzilinda taarifa za watu wake.

3. Kompyuta ikirudi, yakaguliwe mambo matano kabla ya kuandika hata kilo moja: tarehe na saa, majira ya saa, ambayo katika orodha ya Windows huonekana kwa jina la Nairobi, mpangilio wa tarehe, alama ya desimali, na printa ya kawaida.

4. Stakabadhi za mizani zisitupwe, hata kama kila kitu kimekwisha ingizwa katika kompyuta.

Wanachama nao wana sehemu yao. Katika mkutano mkuu wana haki ya kuuliza kama daftari la mabadiliko lipo na kulisoma, sawasawa na wanavyouliza habari za mizani na ghala. Mwanachama atakayeona kilo zake zimepungua alete stakabadhi yake kwanza, na katibu alete daftari. Vitu hivyo viwili vikiwekwa mezani pamoja, kosa la kompyuta hutambulikana na kusahihishwa kabla ya malipo, na kama ni kosa la mtu, nalo halitapata pa kujificha.